Kaunti wa Kisimayu aliyechungulia maji ya uti wa mgongo

Hebu tuanze na cheo. Ukimwambia mzee pale Diff, Wajir Kusini, kwamba kuna wakati Kisimayu ilikuwa na kaunti wake, atakuangalia vile anavyomwangalia ngamia aliyekula plastiki. Na hapa simaanishi kaunti kama ya Wajir au ya Garissa, yenye gavana na MCA. Namaanisha kabaila wa Kizungu, mtu mwenye cheo alichopewa na mfalme, na katika cheo hicho limeandikwa jina la mji ambao watu wa Diff wanaujua kama bandari ya jirani, ng'ambo tu ya mpaka.

Aliitwa Aldo Castellani. Alikuwa daktari, Mwitaliano, na ni mmoja wa watu waliofanya sindano ya mgongo ijulikane huku kwetu Afrika Mashariki.

Unajiuliza, sasa mimi yananihusu nini? Yanakuhusu kama una mgongo. Au kama una mdogo wako ambaye siku moja atapelekwa hospitali usiku na homa kali, shingo imekauka kama ubao, na daktari aseme anataka kumtoa maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo familia nzima inasimama kwenye korido na kuanza kubishana. Ile stori unaijua: ukikubali sindano ya mgongo umekwisha, utapooza, fulani wa mtaa fulani alichomwa na hakuamka. Inasemwa Garissa, inasemwa Eastleigh, inasemwa Kisumu. Wakati watu wanabishana, homa ya uti wa mgongo haingoji mtu. Ni ugonjwa wa kuhesabu masaa.

Kwa hivyo acha nikueleze haya maji ni nini, halafu turudi kwa jamaa yetu. Niliacha chuo katikati, usitarajie nikuletee Kilatini.

Ubongo wako hauko mkavu. Unaelea. Ndani yake kuna vyumba vinavyotengeneza maji mazuri, meupe pe kama maji ya kunywa, na maji hayo yanauzunguka ubongo na kushuka kando ya uti wa mgongo hadi chini kiunoni. Mtu mzima anayo kama mililita 150, yaani nusu ya soda ya chupa ndogo. Mwili unatengeneza kama nusu lita kila siku na kuyanywa mwenyewe, kwa hivyo yakitolewa kidogo yanarudi. Ukiwa na mdudu kwenye ubongo, anaonekana humo. Na kupooza? Uti wenyewe, ile kamba ya neva, unaishia juu kidogo ya kiuno. Sindano inaingia chini ya hapo, mahali penye nyuzi za neva zinazoelea majini, na nyuzi hizo husogea kupisha sindano. Wengine huumwa kichwa siku mbili tatu. Hiyo kweli ipo. Lakini ile stori ya fulani ambaye hakuamka, mara nyingi fulani huyo aliuawa na ugonjwa uliompeleka hospitali.

Njia hii ya kuingiza sindano kiunoni ilitangazwa mwaka 1891 na daktari Mjerumani, Heinrich Quincke, aliyekuwa akifanya kazi mji wa Kiel. Miaka kumi na moja tu baadaye ilikuwa Entebbe, mikononi mwa kijana ambaye hata miaka thelathini alikuwa hajafika.

Castellani alizaliwa Florence mwaka 1874. Akasomea udaktari hukohuko, akaenda Ujerumani kujifunza mambo ya bakteria, kisha mwaka 1901 akatua London, kwenye shule mpya ya magonjwa ya nchi za joto. Mwaka uliofuata likaja jambo kubwa. Kule Busoga na kwenye visiwa vya Ziwa Victoria watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa ajabu. Mtu anaanza na homa, anakonda, halafu anaanza kusinzia mchana, anasinzia akila, anasinzia akiongea, mwisho haamki. Madaktari ndugu wawili wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert na Jack Cook, walikuwa wameutambua mwaka 1901. Malale. Kabla janga lile halijaisha, watu wanaokadiriwa kuwa robo milioni hivi walikuwa wamekufa. Soma hiyo namba tena polepole.

Royal Society ya London ikatuma watu watatu mwaka 1902: George Low, Cuthbert Christy na Castellani. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwishoni mwa 1901, pale Kisumu, wakati huo pakiitwa Port Florence. Usidhani ni kwa heshima ya mji wa Castellani. Florence alikuwa mke wa injinia wa reli.

Walipofika Entebbe kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Kule London mkubwa wao, Patrick Manson, alishuku mnyoo mdogo wa damuni. Low akafanya hesabu yake, akaona mnyoo ule haufuati ugonjwa: kuna mahali mnyoo upo na malale hayapo. Akarudi Uingereza. Castellani yeye akawashika bakteria. Alipopasua maiti za waliokufa kwa malale alikuta bakteria wa aina ya streptokoka, akaamini amemnasa muuaji, na akaandika hivyo.

Lakini maiti ni shahidi mbaya, hasa kwenye joto la Entebbe. Bakteria wengine huingia mtu akiwa anakata roho, wengine baada ya kufa. Ilibidi awatafute kwa mgonjwa aliye hai, na kwa mgonjwa aliye hai huwezi kufungua fuvu. Ndipo sindano ya Quincke ikawa mlango. Alimlaza mgonjwa, akamkunja mgongo, akaingiza sindano kiunoni, akakinga maji. Halafu akayaweka kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi ili chochote kilichomo kizame chini ya chupa, akachukua yale masimbi na kuyaweka chini ya hadubini.

Tarehe 12 Novemba 1902, akiwa anatafuta streptokoka, akaona kitu kinaogelea. Kirefu, chembamba, kina kama pezi ubavuni, kinajipinda kama mkunga. Tripanosoma.

Si kwamba kidudu hiki kilikuwa kigeni kwa sayansi. Watu wa Diff wenyewe wanamjua ndugu yake hata kama hawamwiti hivyo: ngamia anapokonda bila sababu, nundu inalala, homa inakuja na kuondoka, mimba inatoka, mara nyingi ni tripanosoma anayeletwa na nzi wanaouma. Ugonjwa huo unaitwa surra, na mdudu wake alionwa kule Punjab mwaka 1880. Yule wa ng'ombe, wa nagana, alishikwa Zululand na David Bruce. Na Gambia walikuwa wameshamwona mmoja kwenye damu ya binadamu mwaka 1901, lakini wakadhani analeta homa tu. Hakuna aliyekuwa amemwona kwenye maji ya ubongo.

Sasa hapa ndipo mimi humwelewa Castellani kuliko mahali pengine popote. Aliona, na hakuamini. Kwa nini? Fikiria sindano inavyopita: ngozi, nyama, mishipa midogo ya damu. Ikikwaruza mshipa mmoja tu, damu kidogo inaingia kwenye maji. Je, kile kidudu kimetoka kwenye ubongo, au ni cha damuni kimepanda lifti kwenye ncha ya sindano? Na tayari alikuwa ameshaweka jina lake kwa streptokoka. Miezi ikapita. Akawa ameona kwa wagonjwa wachache tu, na streptokoka bado ndiyo hoja yake.

Machi 1903 akaja Bruce mwenyewe, yule wa nagana, mtu mzima, mwanajeshi, na jina kubwa. Alifuatana na mkewe Mary, ambaye alikuwa mshirika wake wa kweli maabarani, na daktari David Nabarro. Kwa simulizi ya Bruce, Castellani alimtajia kile alichokiona kama jambo la pembeni, na Bruce ndiye aliyeruka kwenye kiti akamwambia hilo ndilo lenyewe. Kwa simulizi ya Castellani, yeye alishajua uzito wake. Kinachojulikana ni kwamba kwa wiki chache zilizobaki walikazana. Matone ya mwanzo yenye damu wakayamwaga, wakapima maji safi peke yake. Mdudu akaonekana kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa malale, na kwa watu wa kulinganisha wasio na malale hakuonekana kwenye maji yao. Aprili Castellani akafunga sanduku, akaondoka, akachapisha kwa jina lake.

Bruce akabaki na swali la nani anambeba mdudu. Akasaidiwa na wamishenari na machifu wa Buganda, Katikiro Apolo Kagwa akiwemo, kukusanya nzi kutoka kila upande. Ramani ya mbung'o ikalingana na ramani ya malale. Tumbili waliodungwa maji kutoka kwa wagonjwa wakaambukizwa. Kesi ikaisha.

Ila haikuisha magazetini. Mwaka 1908 mabishano ya nani aligundua nini yalifika kwenye kurasa za London, mabwana wakubwa wakiandikiana barua kali. Bruce au Castellani? Mimi nikisoma habari hizi nawaza wale waliokunjwa mgongo Entebbe. Walikuwa wagonjwa mahututi, chini ya serikali ya kikoloni, na hakukuwa na mtu wa kuwauliza vile unavyoulizwa wewe leo utie sahihi kwenye fomu. Maji yalikuwa yao. Katika ugomvi ule hakuna aliyegombea upande wao.

Ugunduzi wenyewe ulifungua swali gumu zaidi. Mdudu wa damu anavukaje ukuta wa ubongo, lini, na ukifika humo unamtoaje? Kwa miaka mingi jibu la hospitali lilikuwa dawa yenye arseniki ndani, melarsoprol, iliyoanza kutumika 1949. Ilimfuata mdudu mpaka ubongoni, sawa, lakini karibu mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe kwa ubongo kuvimba. Ulihitaji kujua kwa nini. Ulihitaji kuchungulia maji hayo mwanzo wa ugonjwa, katikati na mwisho, na hakuna binadamu wa kumfanyia hivyo kila siku ili tu uone.

Kwa hivyo kazi ikaenda kwa wanyama. Muguga, nje kidogo ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa tripanosoma iliyoitwa KETRI ilitumia tumbili kufuata ugonjwa hatua kwa hatua. Na maabara nyingi duniani zikatumia panya, hasa yule mdogo mweupe.

Hapa nataka utulie kidogo kwa sababu ni kazi ya maajabu. Panya mdogo maji yake yote ya ubongo ni mikrolita 35 hadi 40. Mikrolita ni sehemu moja ya elfu ya mililita. Tone moja linalodondoka kwenye dropa ya dawa ya macho ni kama mikrolita 50. Yaani ukimkamua panya maji yote, na huwezi kuyapata yote, hujajaza tone. Kiuno chake ni chembamba mno kwa mchezo wa Quincke. Kwa hivyo wanaingilia shingoni. Panya anapewa dawa ya usingizi mpaka hasikii kitu, kichwa kinafungwa kwenye fremu na kuinamishwa mbele, nywele za kisogo zinanyolewa, ngozi inapasuliwa, misuli inasogezwa kando. Kati ya fuvu na mfupa wa kwanza wa shingo kunabaki utando mwembamba unaong'aa, na nyuma yake kuna kidimbwi kidogo cha maji. Mtafiti anachukua kijibomba cha kioo kilichovutwa kwenye moto mpaka ncha yake ikawa nyembamba kama unywele, anatafuta mahali pasipo mshipa wa damu, anatoboa. Maji yanapanda yenyewe kwenye kioo. Akivuta kwa nguvu ameharibu. Akipata mikrolita kumi safi, siku yake imekuwa poa.

Neno ni safi. Damu ina protini zaidi ya mara mia ya zile zilizomo kwenye maji ya ubongo, kwa hivyo mkwaruzo mmoja usioonekana kwa macho unapotosha vipimo vyote. Na ukiwa unatafuta tripanosoma, damu inakuletea tripanosoma wake, halafu unarudi palepale alipokuwa Castellani: huyu ametoka ubongoni au amepanda lifti? Baada ya miaka mia na ushee, na mashine zote hizi, mtafiti wa leo anayainua maji kwenye mwanga na kuangalia kama yana wekundu.

Panya kwa kawaida haishi baada ya hapo. Kuna kamati zinazopitisha majaribio na kuuliza kama idadi inaweza kupunguzwa, na ni vizuri ziulize. Mimi sifurahii, lakini nikikumbuka robo milioni ya kule ziwani na yule mmoja kati ya ishirini, sina pa kusimama nikapiga kelele. Na kazi imezaa. Siku hizi wagonjwa wengi wa malale wanameza vidonge vya fexinidazole, dawa iliyojaribiwa kwa panya kabla haijafika kwa watu, na wengi wao hawahitaji tena kukunjwa mgongo ili daktari ajue mdudu amefika wapi, maana vidonge vinamfuata damuni na ubongoni. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyamaliza malale kama tatizo la afya ya umma. Ilipita kwenye habari kama nusu dakika, halafu siasa. Kwa homa ya uti wa mgongo, lakini, sindano bado ndiyo njia, na fomu ya kutia sahihi bado iko pale.

Castellani je? Kutoka Entebbe alikwenda Colombo, Ceylon, na mwaka 1905 akagundua mdudu wa ugonjwa wa buba. Akatengeneza dawa nyekundu ya kupaka kwenye fangasi za ngozi iliyobeba jina lake. Akafundisha London, Roma na New Orleans. Akawa daktari wa wafalme. Mwingereza akampa cheo cha Sir mwaka 1928. Binti yake akaolewa na Miles Lampson, mwakilishi mkuu wa Uingereza kule Misri. Huyo ni mtu aliyekaa kwenye kila meza.

Tatizo ni kwamba meza moja ilikuwa ya Mussolini. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Castellani ndiye aliyeongoza huduma za afya za jeshi la uvamizi, na alijivunia sana kwamba askari wa Italia waliokufa kwa magonjwa walikuwa wachache. Kwa upande wa pili wa bunduki, ndege za Italia zilimwaga gesi ya sumu juu ya askari na wanavijiji wa Ethiopia, na kupiga mabomu hospitali za Msalaba Mwekundu. Jicho lililoona kidudu kimoja ndani ya tone la maji halikuona hilo, au liliona likanyamaza. Mimi nasema liliona.

Na hapo ndipo Kisimayu inapoingia. Alipopita pwani yetu mwaka 1902, Kisimayu ilikuwa chini ya Waingereza kama Mombasa, sehemu ya Jubaland. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakawapa Waitaliano Jubaland kama malipo ya kuwa upande wao, ikakabidhiwa mwaka 1925, mpaka ukavutwa magharibi, ukaja kukatiza malisho karibu na ilipo Diff. Wenye ngamia hawakuulizwa. Mfalme wa Italia alipotafuta jina la kupamba cheo cha daktari wake, alikuwa na mji mfukoni.

Ufalme wenyewe ulipoanguka mwaka 1946, Castellani alimfuata Malkia Marie José uhamishoni Ureno. Alifariki Lisbon mwaka 1971, bado akijulikana kama Kaunti wa Kisimayu, miaka kumi na moja baada ya Kisimayu kuwa mji wa Jamhuri ya Somalia.